Madamu wa Mvinyo Mweupe

Madamu alinusa kila kitu kabla ya kukigusa. Dukani aliinua mkate mpaka puani huku watu wakimpisha kwa wasiwasi. Alinusa maji ya bomba asubuhi na kusema leo wameweka dawa nyingi. Mara ya kwanza nilipomkaribisha chai ya maziwa alikinusa kikombe, akanitazama, akakisukuma pembeni.

"Maziwa yako yamechoka, Mukenya."

Nilichukia. Mgeni gani huyo? Kesho yake nilipochemsha yale maziwa yalikatika sufuriani, nikayamwaga kimyakimya ili asisikie.

Hiyo ilikuwa Buffalo, Marekani, katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi. Tulikaa nyumba moja ya mbao mtaa wa Lower West Side, yeye juu, mimi chini. Tulikuwa na ngazi moja ya nyuma na mabomba ya joto yaliyogonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Mimi nilikuwa nimekuja kusoma, nikamaliza, nikaajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Yeye alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu. Huko alikuwa amefundisha kemia katika shule ya sekondari, ndiyo maana Wakongo wote wa mtaa wetu, hata waliomzidi umri, walimwita Madamu. Mimi pia nilimwita hivyo, na jina lake jingine sikuwahi kulitumia.

Hakuja peke yake. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, Faustin, na mke wa Faustin aitwaye Nsimire, na watoto wao wawili, Neema na mdogo wake wa kiume. Wote walikaa pale juu. Walikuwa wamepokelewa kwanza mji wa Louisville, ambako Madamu alifua mashuka ya hoteli hadi mtu alipomwambia kwamba kusini mwa Buffalo, kando ya Ziwa Erie, kuna mashamba ya mizabibu yasiyo na mwisho. Zamani, baada ya vipindi vya shule, alikuwa akiwasaidia mapadri wa misheni kutengeneza mvinyo wa maracuja, yale matunda ya pasheni. Alifungasha, akawafungasha na wenzake, wakaja.

"Louisville walinipa nyumba," aliniambia. "Kazi nilijipa mwenyewe."

Aliajiriwa kufunga matawi kwenye waya. Baada ya msimu mmoja, mwenye shamba, mzee mzungu aliyefiwa na mke, aligundua pua yake na kumhamishia ndani, kwenye ghala la matangi. Msimu wa pili alimwachia mvinyo mweupe wote. Madamu akamwita Faustin, aliyekuwa akibeba mizigo Riverside, awe mkono wake wa kulia.

Kazi yao, kama alivyoieleza mwenyewe, ilikuwa kutengeneza mvinyo mweupe wenye harufu, na hilo neno la mwisho alilitamka kwa ukali. Mvinyo mweupe mtu yeyote anaweza kuutoa, alisema: kamua zabibu, tia hamira, ngoja. Lakini harufu ni mgeni mwenye aibu. Joto likizidi anaondoka. Hewa ikiingia anaondoka, anakuachia maji ya kulewea tu.

Nilikwenda shambani siku moja ya mavuno, Oktoba, nimeketi nyuma kwenye gari la Faustin na buti za kuazima. Ziwa lilikuwa na rangi ya bati na upepo ulikuwa unakata masikio. Mistari ya mizabibu ilishuka mpaka karibu na maji. Nilimuuliza Madamu ni nani mwenye akili timamu anayepanda matunda mahali pa baridi namna hii.

"Ziwa iko kama mama mukwe," alisema. "Inachelewa kufurahi, inachelewa kukasirika. Mwanzo wa joto inabaki baridi, donc ndiyo maana miti haidanganywi na jua ya uongo. Mwisho wa joto inabaki na moto kidogo, donc matunda inapata wakati. Zabibu ya mahali pa joto inaiva mbio, inakuwa sukari tu. Hii inaiva polepole. Inaweka akili."

Alichuma punje moja, akaitafuna, akatemea mbegu kiganjani na kuzitazama rangi. Ganda akaendelea kulitafuna kwa muda mrefu, kwa sababu harufu hukaa kwenye ganda. Ndiyo maana zabibu zikishapondwa waliziacha saa chache zilale na maganda yake kwenye baridi, kisha wakazikamua taratibu, bila kuziumiza mbegu. Maji yake yaliachwa yatulie, yakatiwa hamira, yakafungiwa kwenye matangi ya chuma yaliyozungushiwa baridi, yachachuke pole kwa majuma. Madamu alipita akibandika sikio kwenye kila tangi.

"Hii inaongea vizuri," alisema. "Hii inalalamika. Faustin, punguza baridi kidogo."

Faustin alikuwa mtu mwembamba mwenye kucheka haraka. Alinipa glasi yenye kidole kimoja cha mvinyo wa mwaka uliopita. Niliunusa nikasema unanukia sabuni. Alicheka hadi akashika ukuta. Madamu hakucheka.

"Funga macho. Acha kutafuta jina. Kumbuka tu."

Nilifumba macho. Mwanzo palikuwa na ndimu, kisha kitu kama tunda bichi, na nyuma yake, mbali, kikaja kitu nilichokijua kabla sijajua kusoma. Kwetu ni Kirinyaga. Mvua za kwanza zikinyesha, mibuni yote ya kahawa hutoa maua siku moja, mashamba yanakuwa meupe, na harufu inaingia hadi ndani ya blanketi. Nilisimama pale kwenye saruji yenye maji, bado nimefumba macho.

"Amefika kwao," Faustin alisema.

"Maua ya kahawa," alisema Madamu. "Hata kwetu Kivu. Nimeitafuta kwenye hii zabibu misimu mitatu."

Yeye mwenyewe hakunywa. Alionja, akazungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo. Nyumbani alikunywa Fanta isiyo baridi. Alikuwa mlokole wa kufunga na kukesha, kiongozi wa maombi ya akina mama katika kanisa la Wakongo lililokodi ukumbi East Side, na sauti yake ya pili ndiyo iliyoshikilia kwaya. Sikuwahi kumwona akiona ugumu wowote kati ya hayo mawili. Mungu ndiye aliyeweka harufu kwenye ganda, alisema, yeye anaifungulia mlango tu.

Lakini kuishi naye kulikuwa kazi. Msimu wa kuonja alipiga marufuku manukato nyumbani, na kukaanga vitunguu, na samaki. Nsimire alikuwa fundi wa samaki. Nilimkuta mara nyingi kwenye kibaraza cha nyuma, theluji inaanguka, amejifunga blanketi juu ya koti, akikaanga dagaa kwenye jiko dogo la gesi huku machozi ya baridi yakimtoka.

"Pua ya wifi yangu njo rais wa hii nyumba," aliniambia. "Siye wengine tuko wananchi."

Watoto walipomjibu shangazi yao kwa Kiingereza, alijifanya kiziwi mpaka warudie kwa Kiswahili, ingawa yeye mwenyewe alihesabu, aliota na kugombana kwa Kifaransa. Alihubiri utaratibu, na jikoni kwake vyombo vilirundikana mpaka Faustin avioshe. Faustin hakusikia neno zuri kutoka kwake hata siku moja. Kumbe mimi ndiye niliyeambiwa, kwenye ngazi, tukiwa tumebeba magunia ya nguo kwenda kufua: "Ule kijana ana mikono kunishinda. Lakini usimwambie, ataharibika."

Jambo moja tu alilifundisha kwa sauti ya juu, nalo ni hewa ya tangi. Mvinyo unapochachuka hutoa hewa nzito isiyo na rangi. Hewa hiyo hukaa chini kama maji. Tangi likishahamishwa mvinyo, mashapo yanabaki sakafuni yakiendelea kuitoa, na mtu akiingiza kichwa pale kusafisha, anavuta mara mbili, tatu, miguu inaisha. Hakuna kupiga kelele. Sheria ilikuwa kufungua mlango mdogo wa chini wa tangi, kuweka feni, kungoja, kisha kushusha mshumaa unaowaka. Na kamwe mtu asiingie peke yake.

"Mshumaa ukizimika, na weye utazimika," alimwambia Faustin mbele yangu siku ile ya mavuno, na Faustin akaitikia, "Ndiyo, Madamu," kama mwanafunzi, akanikonyeza.

Matatizo ya kanisani yalianza na picha. Gazeti dogo la kule mashambani lilimtoa Madamu amesimama kati ya matangi, kilemba kichwani, glasi mkononi. Mtu akaipeleka kwa mchungaji. Kwanza yakawa maneno pembeni, kisha nafasi yake ya maombi ikapewa mwingine kwa muda, kisha wazee wa kanisa wakamwita Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba aje ajieleze. Angeweza kukataa. Nilimshauri akatae.

"Nimesimama mbele ya bantu, watu ya bunduki," alisema. "Nitaogopa ba diakone ya kanisa?"

Asubuhi hiyo shambani walikuwa wahamishe mvinyo wa tangi kubwa, ule bora kuliko wote wa mwaka huo. Faustin alikwenda bila yeye. Mimi nilimwendesha Madamu kanisani, na njiani, nikiwa nimeshika usukani, nilimsikia kwa masikio yangu akimpigia simu mdogo wake.

"Umemaliza kuhamisha? Bon. Fungua mulango ya chini, weka feni, halafu acha. Usiingie. Unasikia? Ningoje miye. Nikitoka kwa hawa bantu nakuya."

Sikusikia alichojibu Faustin, ila Madamu alisema, "Hapana, baki uko. Nitajitetea mwenyewe." Akakata, akanipa simu niiweke mkobani mwangu ili isilie kikaoni.

Walikaa kwenye viti vya plastiki, wazee upande mmoja, yeye upande mwingine. Mimi niliachwa nyuma karibu na mlango. Mchungaji alikuwa mtu mpole wa maneno, na hapo ndipo ukali wake ulipojificha.

"Madamu, siye hatukuhukumu. Tunauliza tu. Utaombea namna gani wagonjwa na mikono inanuka pombe?"

Madamu alisimama, akavuka ule uwazi kati ya viti, akamnyooshea mchungaji mikono hadi usoni.

"Nusa."

Mchungaji akarudisha kichwa nyuma. Mzee mmoja akacheka bila kutaka, akajifanya anakohoa.

"Ni sabuni," Madamu alisema. "Mi sinywi. Minaonja, minatema. Kama kutema ni zambi, muniandike."

Simu ikaanza kutetemeka mkobani. Nilitoka nje ya mlango nikaipokea. Alikuwa mwenye shamba. Kwa muda sikumwelewa, kwa sababu alikuwa akilia, na sikuwahi kumsikia mzungu mzee akilia. Kisha nikamwelewa.

Nilirudi ndani, simu mkononi. Madamu alikuwa bado amesimama katikati. Aliniangalia usoni tu.

"Faustin," alisema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Aliingia?"

Nikaitikia tena.

Alilichukua koti lake kitini, akalivaa, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. Hakuna aliyemsogelea. Tulipotoka nje alikuwa anatembea sawasawa, ila alipofika kwenye gari alishika mlango wa dereva badala ya wake, akasimama pale, hajui afanye nini na mkono.

Kule shambani tulimkuta mfanyakazi mwenzao, Mpuertoriko wa mtaani kwetu, ameketi kwenye ngazi ya ghala na taulo mabegani. Ndiye aliyemvuta Faustin nje, akakaribia kuanguka naye. Alizungumza Kiingereza nami nikatafsiri, sentensi kwa sentensi, kwa mtu aliyesimama kama mti. Faustin alifungua mlango wa chini akaweka feni. Feni haikukaa muda. Alikuwa na haraka. Alisema wanamkalia dada yake kikao na hawezi kukaa huku anaosha mabuti wakati dada anahukumiwa. Asafishe tangi upesi, apande gari, awahi kumtetea. Mwenzake alimwambia ngoja. Alisema dakika tu, akainama na reki ya kukwangulia. Huyo mwenzake alikwenda kufunga bomba, aliporudi aliona nyayo za mabuti zimetokeza nje ya tangi.

Nilitafsiri yote. Hata lile la kumtetea. Mpaka leo sijui kama ningepaswa kulimeza.

Msiba ulikaliwa pale juu. Dari yangu ililia kwa siku nyingi. Mchungaji alihubiri vizuri sana juu ya wanaopanda sumu na wanaoivuna, bila kutaja mtu, na watu wote wakaangalia sakafu upande wa Madamu. Wanawake walimzunguka Nsimire. Madamu alikaa karibu na jiko, hakuna aliyekaa naye isipokuwa mimi, ambaye sikuwa wa kanisa lile wala wa nchi ile.

Siku ya tatu Nsimire alinyanyuka kutoka kwenye mkeka, akaja hadi mbele yake.

"Ni weye ulimutuma mule ndani. Jibu. Ni weye?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa garini, nilisikia kila neno, ningeweza kuyamaliza hapo hapo. Vidole vya Madamu vikanishika kifundo cha mkono, chini, penye mikunjo ya kitenge, vikakaza hadi nikaumia. Hakujibu. Nsimire alingoja. Kisha akamtemea mate miguuni, akarudi mkekani.

Baadaye nilimfuata kwenye ngazi.

"Kwa nini hukusema? Ulimkataza! Mimi ni shahidi."

"Acha, Mukenya."

"Atakuchukia maisha yake yote."

"Ana haki ya kuwa na mtu wa kuchukia," alisema. "Acha."

Baada ya Mwaka Mpya Nsimire aliwachukua watoto akaenda Columbus, kwa ndugu zake. Niliwasaidia kushusha mabegi. Neema, aliyekuwa na umri wa kuelewa bila kuambiwa, alitazama juu dirishani, akamwona shangazi yake, akainamisha kichwa na kuingia garini.

Kuhusu ule mvinyo. Faustin alikuwa ameshauhamisha wote kabla ya kufa, uko salama kwenye tangi la pili. Mwenye shamba alimwambia Madamu kwamba kama anataka, atafungua bomba, umwagike wote mtaroni, hatasema neno. Madamu akaomba asubuhi moja ya kufikiri. Kisha akarudi kazini, akautunza majira yote ya baridi, akausafisha, akautia kwenye chupa mwanzoni mwa joto. Niliuonja. Sikuwahi kunusa kitu kama kile wala sitanusa tena, yale maua meupe ya kahawa ya kwetu, yote, baada ya mvua. Uliuzwa ukaisha. Watu waliunywa kwenye migahawa ya mtaa wa Elmwood pamoja na samaki wao, wakasifu.

"Na wewe unauonaje?" nilimuuliza.

"Sijui," alisema. "Sinusi tena."

Nilidhani ni maneno ya huzuni. Sivyo. Alinyanyua mkate dukani kama zamani, akauweka, akanyanyua mwingine, akaweka, na nikaona anafanya kwa mazoea tu. Daktari hakuona kasoro. Shambani alifanya kazi kwa kumbukumbu na kwa vipimo vya maabara, na hakumwambia mwenye shamba.

Halafu ikaja baridi. Si ile ya kawaida ya Buffalo. Majira mawili mfululizo ziwa liliganda pande zote, na likishaganda, haliwezi tena kulipa shamba ule moto wake kidogo. Mwisho wa baridi ya pili Madamu alileta nyumbani fungu la matawi, akayatandaza mezani kwangu kwa kuwa yake ilikuwa imejaa vyombo. Alichukua wembe. Kwenye kila tawi kuna macho, vijichipukizi vilivyolala, na ukikikata kimoja katikati unaona kama ndani ni kijani au ni kahawia. Kijani ni uhai.

"Imekufa," alisema, akaweka pembeni. "Imekufa. Imekufa. Hii, ngoja... imekufa."

Nilimwomba aache. Alikata yote mpaka la mwisho. Kisha akakusanya vile vipande kiganjani mwake, akavitazama muda mrefu, akauliza kama nina chai.

Mwenye shamba hakuwa na nguvu ya kupanda upya na kungoja miaka. Aliuza. Walionunua waling'oa mashina kwa trekta. Madamu akarudi Louisville, kwa sababu ndipo palipokuwa na watu wawili watatu waliomjua kabla ya yote haya. Juu yangu wakahamia wanafunzi wenye ngoma. Nikawa nampigia simu sikukuu, akijibu kwa ufupi, hadi nikaona namsumbua.

Nilimwona Madamu tena miaka kadhaa baadaye, binamu yangu alipoolewa Louisville, mwanzoni mwa majira ya joto. Nilimtafuta siku ya pili yake. Alikuwa anapanga vifurushi kwenye ghala la mizigo, amekonda, mkono mmoja umefungwa bandeji ya kukaza kwa ajili ya kifundo. Kanisani alikuwa anakwenda, ila anakaa nyuma na haimbi. Alinipikia wali, haukuwa na chumvi, nikala wote.

"Unarudi Buffalo kwa barabara gani?" aliniuliza.

"Ile ya kupita Columbus."

Aliendelea kukwangua sufuria. "Bon. Utanishusha uko."

Safari nzima alitazama barabara. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, begi dogo magotini. Tulipokaribia mji nilikusanya ujasiri.

"Leo utamwambia kweli?"

Aligeuza uso dirishani. Sikurudia.

Ilikuwa mtaa wa nyumba za matofali zilizoshikana, mvua ndogo inanyesha. Nsimire alifungua mlango mwenyewe, bado amevaa sare ya kazi ya kutunza wagonjwa. Alikuwa amenenepa na kuzeeka kwa pamoja. Nyuma yake alisimama Neema, mrefu sasa kama baba yake, na kijana mdogo aliyemuuliza mama yake kwa Kiingereza hawa ni akina nani. Hakujibiwa.

"Umekuya kufanya nini?" Nsimire alisema.

"Kuwasalimu."

"Hautapita hapa mbele ya kunijibu. Nilikuuliza mbele ya bantu, ukanyamaza. Nakuuliza tena. Ni weye ulimutuma mule ndani?"

Madamu hakumtazama Nsimire. Alimtazama Neema juu ya bega la mama yake, na yule binti alikuwa amekaza macho, hapumui.

"Ni miye," Madamu alisema.

Nilimgeukia. Safari hii hakunishika mkono.

Nsimire aliegemea kizingiti. Niliogopa angepiga kelele, au angempiga. Badala yake mabega yalianza kumshuka, polepole, kama mtu anayeteremshiwa gunia, na akalia bila sauti, uso wazi, bila kujifuta.

"Miaka yote hii," alisema. "Neno moja tu. Ilikushinda neno moja."

"Ilinishinda. Unisamehe, wifi."

Hakumsamehe, si kwa maneno ninayoweza kuyashuhudia. Alisema, "Mvua inakunyeshea," akasogea pembeni, na Madamu akapita.

Nilikaa kwa adabu, nikanywa maji, nikaaga. Madamu alikuwa anabaki. Neema alinisindikiza hadi kwenye gari bila kuambiwa, mikono imefichwa kwenye mikono ya sweta. Nilipofungua mlango aliniuliza kwa Kiingereza kama ni kweli nilikuwa na shangazi yake siku ile.

"Nilikuwa naye," nikamjibu kwa Kiswahili.

"Kwa hiyo tantine alimwambia aingie?" Sasa na yeye alikuwa anatumia Kiswahili, akikitafuta neno kwa neno. "Shule watu walisema baba... kwamba alifanya vibaya. Kwamba alikuwa mjinga. Alimwambia aingie?"

Mvua iligonga paa la gari. Nilifikiria ile simu, usukani mkononi mwangu, sauti ikisema usiingie, unasikia? Niliangalia dirisha la nyumba, pazia limefungwa.

"Alimwambia," nikasema.

Neema aliliwaza hilo.

"Basi baba hakukosea."

"Hakukosea," nikasema. "Baba yako alikuwa na haraka ya kumfikia mtu aliyempenda. Hakukosea kitu."

Aliitikia kwa kichwa, akageuka, akakimbia mvuani kurudi mlangoni. Nikawasha gari.